Kuomba ruzuku ndogo kwa kikundi cha maafa cha kijiji au mtaa: mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Andiko letu la kwanza lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Lilirudi na mstari mmoja: haijaeleweka mnataka kufanya nini. Tulikasirika siku mbili nzima, tukamsema mfadhili, tukasema wakubwa wana watu wao. Siku ya tatu mweka hazina wetu, mama muuza ndizi asiye na maneno mengi, akalisoma kwa sauti kikaoni. Alipofika ukurasa wa tatu, hata sisi tulioliandika hatukujua tulitaka kufanya nini. "Kujenga uwezo wa jamii kukabiliana na majanga." Haya, kesho umeamka asubuhi, unaanza na nini?

La pili lilikuwa kurasa mbili na nusu. Lilianza na kaya kumi na tisa zilizo chini ya korongo, halafu swali: mvua ikikolea saa nane usiku, nani anakwenda kuzigongea mlango? Hilo ndilo lililopata pesa.

Naandika kwa ajili ya watu wanaojitolea: vijana wa bodaboda, akina mama wa vikoba, walimu, wazee wa kamati, kuanzia Kyela na Rungwe hadi Mbarali, Mbeya mjini, Makete, Mufindi na Kilolo. Mmesikia kuna ruzuku ndogo za kujiandaa na maafa, na mnataka kujua mlango uko wapi. Nitaufikia. Ila pesa hizi hupewa kikundi ambacho tayari kinafanya kazi, kwa hiyo nusu ya hatua zilizo hapa chini ni za kufanya kabla hamjaomba hata shilingi.

Hatua ya 1: Litajeni janga lenu

Kosa la vikundi vingi ni kuandika "majanga" kana kwamba ni kitu kimoja. Huku kwetu hayafanani hata kwa watu wanaonunua chumvi soko moja.

Kyela ni maji. Mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka milima ya Rungwe, na Tukuyu peke yake hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakifika bondeni kabla ya Ziwa Nyasa hayana haraka tena, yanatanda. Ndiyo maana mtu wa Kyela anaweza kulala na anga safi akaamka na maji kitandani: mvua imenyesha kwa wenzake huko juu. Kikundi cha Kyela kwa hiyo kinahitaji kwanza namba ya simu ya mtu anayeuona mto ukiwa bado Rungwe. Hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu mmoja kusafiri siku moja na kufanya urafiki.

Mbeya mjini ni miteremko. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka likafunika nyumba za watu kata ya Itezi. Ukiishi chini ya mlima, dalili za kuzijua ni nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayotoa maji machafu ghafla au iliyokauka bila sababu.

Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete ni moto. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai hadi mvua za Novemba, paina na milingoti ni mafuta yaliyosimama wima. Shamba la miti la Sao Hill linapakana na vijiji vingi, na moto haujui mpaka wa serikali na wa mkulima mwenye ekari mbili za miti aliyopandia ada ya watoto. Mara nyingi chanzo ni mtu anayeandaa shamba kwa kiberiti siku yenye upepo.

Halafu kuna barabara kuu ya Zambia. Walio Kitonga, Mlima Nyoka, Iwambi na Mbalizi hawahitaji kuelezwa. Kwenu janga ni lori lililokatika breki, na baya zaidi, lori la mafuta lililolala. Agosti 2019, Msamvu pale Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na wananchi kukimbilia kuchota petroli. Kikundi cha barabarani kinachojua kazi yake kinafunga kamba, kinapuliza filimbi na kuwazuia watu. Maboya ya kuogelea hayawahusu, hata kama mfadhili anayo mengi.

Sasa tembeeni. Chukueni nusu siku, mkiwa na mzee mmoja anayekumbuka maji yalipita wapi mwaka ule, na mtoto mmoja wa shule, maana watoto wanajua njia za mkato kuliko mwenyekiti. Mchore ramani kwenye karatasi ya manila: nyumba, korongo, kisima, shule, duka lenye jenereta, nyumba ya mwenye gari. Hesabuni kaya zilizo hatarini, na ndani yake wasioweza kutoka wenyewe: wazee, wagonjwa, wajawazito, wenye ulemavu, watoto wadogo. Orodha ya majina ibaki kwa mjumbe na katibu. Kwenye andiko mnaweka idadi tu. Hakuna sababu ya jina la bibi wa watu na ugonjwa wake kusomwa Dar es Salaam.

Hatua ya 2: Pitieni serikali ya kijiji, na mapema

Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022, inashusha kamati za maafa kutoka taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Kwa hiyo kwenye karatasi kijiji chenu kinatakiwa kiwe na kamati. Sehemu nyingine ipo na inafanya kazi. Sehemu nyingine mtendaji atakuna kichwa. Msigombane naye. Mwambieni: "Mtendaji, sisi tuko tayari kuwa mikono ya hiyo kamati." Nimeona kikundi kilichojitangaza mbadala wa kamati, na kwa mwaka mzima hawakupata mhuri hata kwenye barua ya kuomba ukumbi wa shule.

Mnachotaka kutoka hapo ni karatasi tatu: muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji kinachokutambueni, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ambako wananchi walisikia na kuuliza maswali, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata. Mkutano mkuu ndio mgumu kidogo, kwani hauitishwi kila wiki. Ulizeni tarehe yake mapema na muombe ajenda yenu iandikwe. Ikija kwenye "mengineyo" saa kumi na mbili jioni, watu wameshaanza kufikiria ng'ombe.

Usajili wa kikundi unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye atawapeleka halmashauri. Mtahitaji katiba fupi, orodha ya wanachama, viongozi waliochaguliwa na muhtasari wa uchaguzi. Msinakili katiba ya SACCOS ya jirani. Tulifanya hivyo, na afisa akatuuliza kikundi cha maafa kinatoza riba ya nini. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa, na wasiwe mtu na shemeji yake. Wapo wafadhili wanaotaka shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Kikundi kidogo hakina haja ya kukimbilia huko. Tafuteni shirika la wilayani kwenu lenye usajili huo liombe pamoja nanyi, na makubaliano ya nani anashika nini yaandikwe kabla pesa haijaingia.

Hatua ya 3: Fanyeni zoezi kabla ya pesa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo andiko letu lilipozaliwa.

Mwaka 1985 tetemeko la ardhi lilipobomoa sehemu ya jiji la Mexico, raia wa kawaida walijitupa kwenye vifusi wakaokoa watu wanaokadiriwa kufika 800. Lakini inakadiriwa pia kwamba wajitoleaji zaidi ya 100 walikufa wakiokoa. Mwaka huohuo kikosi cha zimamoto cha Los Angeles kilianza kuwafundisha wakazi namna ya kusaidiana bila kufa, na baadaye, 1993, mafunzo yale yakaenezwa Marekani yote. Nayataja kwa sababu kila kikundi kipya ninachokutana nacho kinataka kununua vifaa kwanza. Kijana mwenye koti la kuakisi asiyejua kitu ni mtu wa ziada wa kuokolewa, tena anayeonekana vizuri.

Basi zoezi letu. Jumamosi, saa kumi jioni, baada ya watu kutoka shamba. Kazi ilikuwa moja: kumtoa "mgonjwa" kutoka nyumba ya juu kabisa hadi barabara ya gari. Machela hatukuwa nayo. Tulichukua magunia mawili ya mahindi, tukatoboa pembe mbili za chini za kila gunia, tukapitisha fito mbili za mlingoti ndani yake, midomo ya magunia ikikutana katikati. Ni machela nzuri kabisa. Mgonjwa alikuwa kijana wa kilo sabini na kitu, mcheshi, aliyekuwa akilia "nakufa jamani" njia nzima. Baada ya hatua kama ishirini fito moja ikasema ka! na kijana akawa chini. Alichubuka kiwiko, akaacha kulia kwa mchezo. Tulikuwa tumekata fito mbichi nyembamba asubuhi ile ile.

Tukatafuta fito kavu na nene zaidi. Tukagundua watu wanne wanachoka baada ya hatua hamsini kwenye mteremko, hivyo wanahitajika wanane wanaopokezana, na mtu wa tisa anayetangulia kuondoa mawe na kusema "shimo kushoto". Tukagundua pia kwamba njia tunayopita kila siku haina upana wa machela kwenye kona ya mgomba wa jirani mmoja. Jumla: dakika 34.

Yote hayo yaliingia kwenye andiko kama yalivyo. "Tulipojaribu tarehe fulani, ilituchukua dakika 34 kumfikisha mtu mmoja barabarani, na fito ilivunjika mara moja. Tunaomba machela mbili na kamba, na sisi tutapanua njia mita 60 kwa nguvu zetu." Mfadhili akisoma hivyo anaiona njia, anamwona kijana. Hana haja ya kuambiwa kuhusu uwezo wa jamii.

Jambo la pili la kujaribu bure ni mbiu. Simu ni nzuri mpaka umeme ukatike siku mbili. Tundikeni rimu ya gari kama kengele za shule, sehemu mbili au tatu zinazosikika, mkubaliane milio: mapigo ya haraka bila kukoma ni moto, mapigo matatu na kituo ni maji au tope, ondokeni. Jaribuni siku ya kawaida, na mtu asimame nyumba ya mwisho na simu kusema kama anasikia. Kwetu upepo wa jioni ulikuwa unaupeleka mlio wote kijiji cha pili, ikabidi tuhamishe rimu.

Kwa mafunzo, andikeni barua mbili. Moja kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la mkoa au wilaya, ambao kutoa elimu kwa umma ni sehemu ya kazi yao (namba yao ya dharura ni 114, kila mwanachama aiweke kwenye simu leo, pamoja na 112 ya polisi). Nyingine kwa tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania lililo karibu, kwa huduma ya kwanza. Chama hicho kipo kwa sheria ya Bunge tangu 1962 na kinaendeshwa kwa wajitoleaji kama ninyi. Msitegemee wawape pesa. Wawape ujuzi na mtu wa kumpigia simu, hiyo inatosha. Mkiwafanyia chai na viazi vitamu, wanarudi.

Hatua ya 4: Mlango wa pesa ni upi

Kwanza tofautisheni ruzuku na mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudi 2024, ni mkopo. Hauna riba lakini unarejeshwa. Machela haizai faida. Kuna kikundi kilichonong'onezwa kiombe huko "kisha mtajua mbele", na mbele walijua.

Milango ya ruzuku niliyoona ikifunguka, au inayofaa kubishwa, ni hii.

Kijiji chenyewe. Vijiji vyenye mapato ya misitu, minada au machimbo vinaweza kutenga kiasi. Hata kikiwa kidogo, kinafanya kazi kubwa kwenye andiko la mbele, kwa sababu mfadhili anaona wenyewe wameanza.

Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge, miradi inaibuliwa na wananchi na kupita kwenye kata. Unafaa kwa vitu vinavyoonekana: kivuko cha miguu juu ya korongo, matundu ya choo kwenye shule mtakayokimbilia, saruji. Zungumzeni na diwani kwanza. Mkimruka mtamkuta mbele.

Halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya vijiji inakusanywa miezi mingi kabla. Ombi la Mei kwa pesa ya Julai limechelewa mwaka mzima. Pelekeni jambo lenu kwenye mpango wa kijiji kuanzia Oktoba.

Majirani wakubwa. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, viwanda vya mbao, wenye machimbo Chunya, na wakala wa misitu kwa vijiji vinavyopakana na mashamba ya miti. Hawa wana sababu yao ya kuwataka: moto wenu ni moto wao. Kwao msiandike andiko, andikeni barua ya ukurasa mmoja na muombe vitu, si pesa. Mabuti, mapanga, fito zenye vipande vya mpira vya kupigia moto, siku moja ya trekta kusafisha barabara ya moto, yaani ukanda usio na majani wa kuzuia moto usivuke, ile wengi wanaiita fayalaini.

Foundation for Civil Society, iliyoko Dar es Salaam, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Na balozi kadhaa, zikiwemo za Japani na Kanada, zenye mifuko ya miradi midogo ya jamii. Hizi zina msimu wa kutangaza, fomu zake na masharti ya nani anaruhusiwa kuomba. Hapa ndipo lile shirika la wilayani lenye usajili linapowafaa. Someni masharti mpaka mwisho kabla ya kuandika neno moja. Niliwahi kuandika andiko zima usiku kucha kwa mfuko ambao, mstari wa mwisho kabisa, ulisema hautoi kwa vikundi visivyo na hesabu zilizokaguliwa miaka miwili.

Na tarehe. Kama janga lenu ni mvua, vifaa na mafunzo viwe vimekamilika Oktoba, maana kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kuanzia kuomba hadi pesa kuingia, miezi minne hadi sita si ajabu, kwa hiyo andiko liende Aprili au Mei, wakati tope bado liko kwenye viatu na picha zipo kwenye simu. Kama ni moto, andikeni Januari. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka, uambatanisheni kwenye barua za kukumbushia.

Hatua ya 5: Kuandika

Kurasa mbili hadi tatu. Anayeandika awe mtu mmoja, wengine wasome. Andiko la watu sita linasomeka kama hotuba ya harusi.

Anzeni na mahali na idadi: kijiji, kata, kaya ngapi ziko hatarini, janga gani, lilitokea lini mara ya mwisho na likafanya nini. Fuatisheni mlichokwisha kufanya bila pesa ya mtu: ramani, zoezi, rimu, mafunzo. Halafu pengo, yaani kile ambacho zoezi limeonesha hamkiwezi. Halafu mnachoomba. Halafu nani atakitunza. Basi.

Bajeti ndiyo inasomwa kwanza, hata kama imewekwa mwisho. Mstari kama "vifaa vya uokoaji, shilingi 2,500,000" ni mwaliko wa kukataliwa. Vunjeni. Gambuti jozi 12, bei ya dukani 25,000, jumla 300,000 (bei hizi ni za mfano, nendeni Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa mkaulize zenu). Chepe 6. Tochi za kuvaa kichwani 8, na betri za akiba. Kamba ya mita 50, mbili. Kipaza sauti cha mkononi kimoja. Machela 2. Makoti ya kuakisi 15. Sanduku la huduma ya kwanza 2. Toroli 1. Pateni ankara kifani (profoma, karatasi ya bei kabla ya kununua) kutoka maduka matatu na mziambatanishe. Usafirishaji uwe na mstari wake, msijifanye bajaji inabeba bure.

Mchango wenu uandikwe kwa shilingi pia. Watu ishirini kwa siku tatu za kupanua njia, kwa ujira wa kibarua wa hapo kijijini, ni pesa. Fito, mchanga, chumba cha stoo, chakula siku ya mafunzo, vyote vina bei.

Posho nalisema wazi ijapokuwa najua nitachukiwa. Msiiweke. Wekeni nauli ya anayetoka mbali na chai yenye kitafunwa, mkomee hapo. Nimeona kikundi chenye wanachama arobaini kikipata posho ya siku mbili za semina. Mradi ulipoisha, zoezi la mwezi uliofuata lilihudhuriwa na watu watano, mmoja akiwa mwenye nyumba tuliyokaa. Watu hawakuwa wabaya. Tuliwafundisha wenyewe kwamba kuja ni kazi ya kulipwa.

Na ombeni kidogo kuliko mnavyotamani. Kikundi ambacho hakijawahi kushika milioni moja kikiomba kumi na tano, msomaji anaona ajali.

Hatua ya 6: Pesa imeingia

Siku ileile itisheni kikao, mtangaze kiasi, mbandike karatasi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: tumepokea kiasi hiki, kutoka kwa fulani, kwa ajili ya vitu hivi. Uvumi wa kijijini hukimbia kuliko pikipiki, na dawa yake ni karatasi iliyobandikwa kabla haujaanza.

Manunuzi wafanye watu watatu pamoja. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila mahali. Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyetuambia: karatasi ya risiti zile hufutika. Tulizihifadhi kwenye bahasha, bahasha ikakaa juu ya dirisha linalopigwa na jua, na miezi mitano baadaye, siku ya kuandika ripoti, tulikuwa na vipande kumi na saba vya karatasi nyeupe. Ilibidi turudi duka kwa duka kuomba nakala, na muuzaji mmoja alitutazama kama wezi. Toeni kopi siku ileile, mpige na picha kwa simu. Anayewauzia fito au mawe bila mashine, mwandikieni hati ya malipo, asaini, mtendaji ashuhudie.

Kila kifaa kiwe na namba iliyoandikwa kwa rangi na mstari wake kwenye daftari: kimetoka lini, kwa nani, kimerudi lini, kikiwa na hali gani. Toroli ndiyo itakayowasumbua. Kila mtu ana tofali za kubeba. Sisi tulikubaliana toroli inaazimwa kwa misiba tu, na inarudi kabla ya giza.

Funguo ndiyo aibu yetu kubwa. Mvua ya kwanza baada ya ruzuku ilinyesha usiku wa Alhamisi. Rimu ikalia, watu wakatoka, kila kitu kikaenda kama tulivyofundishwa hadi mlango wa stoo. Funguo ilikuwa mfukoni kwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa Chunya msibani. Gambuti jozi kumi na mbili mpya zilikuwa ndani, sisi nje tumevaa kandambili, tope hadi magotini. Bahati nzuri korongo lilitulia lenyewe usiku ule. Asubuhi tukachonga funguo mbili zaidi: moja kwa mweka hazina, moja kwa mwalimu anayeishi karibu na stoo, na jina la aliye nayo likaandikwa kwa chaki mlangoni.

Hatua ya 7: Ripoti, na mwaka wa pili

Ripoti iende kabla ya tarehe, hata kama hamjaulizwa. Kurasa mbili: mlichoahidi, mlichofanya, kilichobadilika, hesabu, picha nne. Kilichoharibika kiandikwe pia. Sisi tuliandika habari ya funguo kama ilivyokuwa, ingawa katibu alitaka tuifiche, na mfadhili alipokuja kutembelea kitu cha kwanza alichoomba kuona ni ule mlango wenye chaki. Pesa ikibaki, hata elfu kumi na nane, semeni imebaki na muulize irudi au inunue nini.

Rudieni zoezi lilelile, njia ileile, na saa mkononi. Dakika 34 zetu zilifika 21. Hiyo namba moja ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya ombi letu la mwaka wa pili.

Na kila Oktoba, Jumamosi ya kwanza, fungueni stoo. Jaribuni kila tochi. Betri zitolewe ndani yake baada ya msimu wa mvua na kufungwa pembeni, la sivyo zinavuja na kula chuma. Kamba ikunjuliwe yote, ishikwe kwa mikono mita kwa mita, kwa sababu panya wa huku wanaipenda kuliko mahindi. Dawa zilizopita tarehe ziondolewe. Gambuti zigeuzwe na kupigwa chini kabla mtu hajaingiza mguu.

Kwetu mwaka jana alitoka nge.